Maua Ndani ya Nyumba ya Pwani: Kuyakata, Kuyanywesha na Kuyapanga

Ua likishakatwa halina mizizi tena, lakini majani yake na petali zake huendelea kutoa maji hewani kama kawaida. Kinachopotea lazima kirudi kupitia kikonyo. Kwenye baridi ya Limuru au Naivasha upotevu huo ni mdogo, na ua huvumilia. Lamu na Malindi, ambako joto la mchana hufika nyuzi 30 na zaidi na upepo wa bahari hautulii, ua hukauka upesi kuliko anavyodhani mtu anayeanza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kupanga maua Pwani hufanyika kabla ua la kwanza halijaingia chomboni. Mpangilio mbaya hurekebishwa kwa dakika mbili. Ua lililokosa maji adhuhuri huenda lisiamke tena.

Vifaa

Unahitaji mkasi mkali wa bustani au kisu kikali kisicho na meno, ndoo mbili safi, beseni, selotepu nyembamba, kipande cha waya wa kuku, na chombo chenye mdomo wa sentimita 8 hadi 10. Mkasi uwe wa maua tu. Mkasi butu hubana kikonyo badala ya kukikata, na mirija inayopandisha maji hujiziba papo hapo.

Chombo kinaweza kuwa jagi la kioo, bilauri, kopo, au dele (birika la kahawa) la shaba lililokaa kabatini tangu enzi za bibi. Mtungi wa udongo hupitisha maji na kuacha alama mezani, na maji yenye ndimu hula shaba. Vyombo vya namna hiyo vitie chupa ya jamu ndani: maua yanywe kwenye chupa, mtungi au dele lionekane kwa nje.

Maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Mji wa Lamu hupata maji yake matamu kutoka visima vya kwenye machanga ya Shela. Visima vingi vya majumbani vina chumvi. Malindi yako maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na pia viko visima vya chumvi tele. Maji ya chumvi huzuia ua kunywa, na kingo za petali huanza kuwa kahawia siku ya pili. Yaonje kabla ya kuyatumia. Ukisikia chumvi ulimini, usiyatumie. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye jabia au tangi ni bora kuliko yote. Kama hayapo, chukua maji ya kunywa. Chombo cha kawaida hula lita moja tu, si gharama ya kuogopa.

Chakula cha maua unaweza kukitengeneza jikoni. Kwa kila lita moja ya maji:

- sukari, kijiko kimoja cha mezani;
- maji ya ndimu yaliyochujwa, vijiko viwili vya chai;
- jiki ya kawaida isiyo na manukato, robo ya kijiko cha chai.

Sukari hulilisha tumba ili lipate nguvu ya kufunguka. Ndimu huyafanya maji yawe na uchachu kidogo, na maji machachu hupanda kwenye mirija kwa wepesi zaidi. Jiki huua bakteria. Ukitia sukari peke yake umewaandalia bakteria karamu: maji yatachafuka kwa siku moja na maua yatakufa mapema kuliko kama ungeyaacha kwenye maji matupu. Koroga sukari na ndimu kwenye maji kwanza, jiki iwe ya mwisho. Usichanganye kamwe jiki na ndimu bila maji, kwa sababu hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu. Na maji haya yasikae kwenye bilauri mahali ambapo mtoto anaweza kuyafikia.

Kukata na kupumzisha

Ukikata bustanini, kata alfajiri au mapema asubuhi, kabla ya saa moja. Usiku mmea umejaza maji, vikonyo vimekaza. Jioni baada ya jua kupoa ni nafasi ya pili. Mchana acha. Nenda na ndoo yenye maji mpaka kwenye mmea. Dakika kumi za kuzunguka na maua mkononi juani zinatosha kuyaharibu.

Ukifika nyumbani, jaza beseni maji, zamisha ncha ya kikonyo na ukate tena sentimita 2 hadi 3 huku ncha ikiwa ndani ya maji, kwa mshazari. Sababu ni hii: ukikata hewani, mirija hufyonza hewa, na kiputo kimoja cha hewa huzuia maji kupanda kama uchafu unavyoziba mrija wa jiko la mafuta taa. Ukikata ndani ya maji, kinachofyonzwa ni maji. Mshazari nao huzuia kikonyo kisikae bapa kwenye kitako cha chombo na kujifunika.

Ng'oa majani yote yatakayokuwa chini ya maji. Jani lililozama huoza kwa siku moja au mbili katika joto letu, na maji ya uozo ndiyo yanayoziba vikonyo vya jirani. Miiba ya waridi ondoa ile ya chini tu, kwa kuisukuma kwa kidole gumba upande. Usikwangue ngozi ya kikonyo. Kila jeraha ni mlango wa bakteria.

Kisha yapumzishe. Yasimamishe kwenye ndoo, maji yafike nusu ya vikonyo au zaidi, mahali penye kiza na ubaridi: chini ya ngazi, au chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ambako jua haliingii. Saa mbili ni kiwango cha chini, nne ni bora zaidi. Ni hatua ambayo anayeanza huiruka kwa sababu haionekani kuwa kazi, na ndiyo inayotenganisha maua ya siku mbili na ya siku saba.

Mawaridi yaliyotoka bara

Mawaridi mengi yanayouzwa Kenya hulimwa Naivasha na kwenye nyanda za juu. Mpaka yafike Malindi yamesafiri zaidi ya kilomita 600, na ya Lamu huongezewa safari ya Mokowe kisha mashua. Kwa hiyo nunua kwa kupima, si kwa kutazama rangi. Bonyeza taratibu sehemu ya chini ya tumba, pale linapokutana na kikonyo. Likiwa gumu, ni bichi bado. Likiwa laini, limezeeka hata kama linavutia. Tazama ncha za vikonyo: zikiwa nyeusi na zinateleza, yamekaa kwenye maji machafu. Petali moja mbili za nje zenye michubuko zisikutishe. Hizo hulinda zile za ndani njiani, zing'oe tu.

Waridi likiinamisha shingo mara tu baada ya kununuliwa, usilitupe. Kichwa hakijafa, kimekosa maji kwa sababu ya hewa au bakteria kwenye kikonyo. Kata sentimita 5 kutoka chini, ndani ya maji. Yafunge mawaridi pamoja kwa gazeti, yakaze mpaka vichwa vikae wima, kisha yasimamishe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika karibu na shingo. Maji ya vuguvugu hupanda haraka kuliko ya baridi. Yale ya bomba la tangi la darini saa nane mchana mara nyingi yamefika kiwango hicho yenyewe. Yaache saa mbili au tatu ndani ya gazeti. Yakiwa yamelegea sana, yalaze mazima ndani ya beseni la maji kwa nusu saa kwanza. Ambalo halijainua kichwa baada ya hapo halitainuka: kata kichwa, kielee kwenye bakuli.

Jabera lina kanuni yake. Kikonyo chake kina vinyweleo na huoza upesi, kwa hiyo lipe maji machache, sentimita 5 hadi 8 tu, na uyabadilishe kila siku. Mtu akikupa nafasi ya kuchagua ua la kuanzia, chukua krisanthemamu au alstromeria. Yote mawili huvumilia makosa na hukaa wiki moja na zaidi hata Pwani.

Maua ya hapa kwetu hayataki jagi

Bustani za Malindi na nyua za ndani za nyumba za Lamu zimejaa maua, na anayeanza hujaribu kuyasimamisha yote kwenye jagi kama mawaridi. Mengi hayakuumbwa hivyo. Kila moja lina namna yake, na ukiijua utapata uzuri ambao hauuzwi dukani.

Bogenvilia ndiyo inayowavunja watu moyo. Rangi unayoiona si petali. Ni majani yaliyogeuka rangi kulizunguka ua dogo jeupe la katikati. Kwa hiyo hunyauka kama jani. Chagua tawi lililokomaa, ambalo viua vyeupe ndiyo vinaanza kufunguka, ulikate kwa urefu wa sentimita 30 hadi 40. Ondoa majani yote ya kijani, hata mazuri, kwa kuwa ndiyo yanayokunywa maji ya rangi. Pasua ncha ya kijiti kwa urefu wa sentimita 3. Usiiponde kwa nyundo, japo utaambiwa hivyo: kuponda huvunja mirija na kuchafua maji. Zamisha tawi zima kwenye beseni nusu saa, kisha lipumzishe kama maua mengine. Utapata siku tatu hivi. Ukiruka kuzamisha, litapukutika kabla ya wageni kuondoka.

Hibiskasi hufunguka asubuhi na kufunga jioni, maji yawepo yasiwepo. Hiyo ni habari njema: halihitaji chombo kabisa. Lichume asubuhi likishafunguka, lilaze kwenye sahani au pembeni mwa sinia la matunda, litakaa hadi magharibi.

Franjipani hutoa utomvu mweupe unaowasha ngozi ya wengine, basi osha mikono. Tawi lake likisimamishwa hudondosha maua. Chuma maua mojamoja, suuza utomvu, uyaache yaelee kwenye bakuli pana lenye maji ya sentimita 3 hadi 4. Bakuli la kipenyo cha sentimita 25 linatosha kwa maua tisa hadi kumi na moja. Acha nafasi ya maji yaonekane. Ukilijaza lote uzuri wa kuelea unapotea. Olianda nalo hufanana kwa kuvutia, lakini ni sumu kila sehemu yake, hata maji liliposimama. Nyumba yenye watoto isiliingize.

Asumini ni ua la usiku. Matumba huvimba alasiri na kufunguka baada ya magharibi, hivyo huchumwa mwendo wa saa kumi, yakiwa meupe na yamefunga. Hayanywi vizuri kwa kikonyo na huwa kahawia yakiguswaguswa. Yafunike kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, mpaka jioni. Kisha yaweke kwenye kisahani, yatunge uzi, au yanyunyize kitandani kama inavyofanywa harusini. Wanaojua kufunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, huyakusanya pamoja na rehani, mkadi na langilangi. Mchanganyiko huohuo, ukiwekwa kwenye kikombe cha kahawa kando ya mlango, hunukisha chumba kizima. Asubuhi uondoe, harufu ikigeuka si nzuri.

Helikonia hunywa maji kidogo sana kwa kikonyo. Lizamishe lote kwa saa moja kabla ya kulipanga, kisha linyunyizie maji kila asubuhi. Usilitie friji: maua ya joto kama hili hugeuka meusi kwenye baridi. Mawaridi ndiyo yanayopenda friji usiku, mradi yasikae na matunda.

Kupanga

Kwa zoezi la kwanza tumia mawaridi saba, matawi matatu ya krotoni au jimbi, na vijiti vitano vya maua madogo ya kujazia kama jipsofila. Chombo kiwe na urefu wa sentimita 20. Krotoni ni rafiki wa Pwani: iko kila ua wa nyumba, ina rangi, na hukaa majini wiki mbili na zaidi. Utomvu wake hutia doa la kahawia kwenye nguo, kwa hiyo usivae kanzu nyeupe ukiikata.

1. Kausha mdomo wa chombo vizuri. Bandika selotepu tatu upande mmoja na tatu kuzikata, upate miraba ya sentimita 2 hadi 2.5. Ncha zishuke nje kwa sentimita moja tu, majani yatazificha. Mdomo ukiwa mpana kuliko sentimita 12, tumia waya wa kuku uliofinyangwa kuwa tufe legevu na kukwama ndani ya chombo.
2. Jaza maji theluthi mbili.
3. Weka majani kwanza. Tawi moja kila upande, kila kijiti kiingie kwa kuegama na kuvuka katikati, ncha ya chini iguse upande wa pili. Vijiti vikivukana huko chini vinashikana vyenyewe.
4. Waridi la kwanza ndilo refu, karibu na katikati lakini si katikati kabisa. Litokeze juu ya mdomo kwa kipimo cha chombo kimoja hadi kimoja na nusu, yaani sentimita 20 hadi 30.
5. Mawili yafuate yakifanya pembetatu na la kwanza, moja fupi kwa upana wa vidole vinne, jingine fupi zaidi.
6. Manne yaliyobaki yaingie chini, mawili yakigusa mdomo wa chombo ili kuficha selotepu. Geuza chombo robo kila unapoongeza ua.
7. Jipsofila iwe ya mwisho, kwenye mapengo tu.

Pima kila ua pembeni ya chombo kabla ya kukata. Kilichokatwa hakirudi, na kosa la kawaida ni kukata yote urefu mmoja, mpaka mpangilio ukawa kama brashi. La pili ni kujaza kila tundu. Maua yanahitaji hewa kati yake, na katika unyevu wa Pwani maua yaliyobanana huota ukungu kwenye petali.

Mpangilio wa kwenye zidaka, yale matundu ya ukutani, ni kazi tofauti. Unaonekana kwa mbele tu, na tundu lenyewe ni dogo, basi maua matatu mafupi kwenye bilauri yanatosha, yakiwa na nafasi ya vidole vitatu juu yake. Weka kisahani chini ili maji yasiingie kwenye chokaa. Ukipanga kwa ajili ya chakula cha mkekani, bakuli lisizidi sentimita 12 kwenda juu, watu waonane. Na asumini isikae karibu na biriani. Harufu mbili nzuri zikigombana hakuna inayoshinda.

Yakae wapi

Mbali na jua la dirishani, mbali na feni, mbali na upepo wa barazani, hasa miezi ya kaskazi hewa inapokuwa kavu. Mbali pia na ndizi, maembe na mapapai yanayoiva: matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo huambia maua nayo yazeeke. Kaneshoni hujikunja na kunyauka ndani ya siku moja karibu na kikapu cha maembe. Usiku yashushe sakafuni, ndipo penye ubaridi.

Lamu ina paka kila kona. Lili ni sumu kali kwao: jani, chavua, hata maji ya chombo huua figo za paka. Nyumba ambayo paka huingia na kutoka, lili lisiingie.

Kila siku

Badilisha maji kila siku. Miji ya baridi huambiwa kila siku mbili au tatu. Ratiba hiyo si yetu. Shika maua yote kwa mkono mmoja juu ya selotepu, mwaga, suuza, jaza upya na chakula kipya. Kila siku ya pili punguza vikonyo sentimita moja. Ua lililokufa litoe mara moja, maana nalo hutoa ethilini.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hutaga kwenye maji matulivu ya vyombo vidogo vya nyumbani, na Lamu ilipata mlipuko mkubwa wa chikungunya mwaka 2004. Mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua.

Maji yakichafuka kabla ya siku kwisha, kuna jani lililozama au chombo hakikusafishwa. Matumba yakigoma kufunguka, sukari haitoshi au yalikatwa machanga mno. Majani yakikauka huku kichwa kizima, upepo unayapiga. Maji yasipopungua kabisa kwa siku nzima, vikonyo vimeziba: kata upya ndani ya maji.

Baada ya kila mpangilio, loweka chombo robo saa kwenye lita moja ya maji yenye kijiko cha mezani cha jiki, kisha suuza mara mbili. Chupa yenye shingo nyembamba isiyoingia mkono, itie kijiko kimoja cha mchele mkavu, maji kidogo na tone la sabuni, ziba kwa kiganja na utikise kwa nguvu mpaka utelezi wote utoke.